Kilima cha Siku za Mvua

Gari la Mjomba Breki lilikuwa na waipa moja tu iliyofanya kazi, nayo ilikuwa ya upande wa abiria. Mvua ikinyesha, aliyeiona barabara ni yule asiyeshika usukani. Kwa hiyo dada yake mkubwa ndiye aliyekaa mbele, akaliendesha gari kwa mdomo: kulia kidogo, shimo hilo, mpishe huyo mwenye haraka zake. Asubuhi hiyo, kabla hawajaondoka, Mjomba alikuwa bado anaikaza waipa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, maji yakimwingia kwenye kola.

"Wewe umekalia kiti tu," dada yake alimwambia kutoka ndani. "Dereva ni mimi."

"Sawa, Dada. Na leseni uchukue."

Kiti cha nyuma alikaa mpigapicha, binti wa huyo dada, akiivalisha kamera mfuko wa mkate. Alikuwa ameutoboa mfuko tundu la lenzi na kulizungushia gundi ya karatasi. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za mandhari za kuweka kwenye kalenda: maporomoko ya maji, mashamba ya chai, jua likizama pale linapopendeza wenye maofisi. Wenzake wakiona wingu hufunga mikoba wakatafuta chai. Yeye mwaka huo alifanya kinyume. Radi ikipiga tu, anampigia simu mjomba wake, na mjomba wake hukuta dada yake ameshavaa viatu.

Sababu ilikuwa kilima. Kando ya barabara kuu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini, palikuwa na kilima ambacho ukoo wao ulilima pembeni na kuzika juu. Baba wa mpigapicha alizikwa huko kileleni, akawekewa jiwe lenye jina lake. Kisha wajenzi wa barabara wakahitaji kokoto. Wakaja na baruti, matingatinga na malori, wakakivunja, wakakipakia, wakakitandaza. Bandu bandu huisha gogo, na lile gogo liliisha katika kiangazi kimoja. Tingatinga halichagui lipi jiwe na upi mfupa, kwa hiyo marehemu naye alikwenda na kokoto.

Mama, kama tutakavyomwita maana kila mtu garini na nje ya gari alimwita hivyo isipokuwa huyo mdogo wake, alikwenda ofisi ya ardhi kuuliza jambo moja: mume wangu mmempeleka wapi, nimzike tena? Afisa wa ardhi alimkaribisha kiti. Akakunjua ramani mpya, iliyochorwa baada ya barabara kwisha, akaweka kidole.

"Hapa ni tambarare, Mama. Hakujawahi kuwa na kilima. Na pasipo na kilima, juu yake hapana kaburi."

Kilima chenyewe hakikukubaliana na ramani. Mvua kubwa ikinyesha, kilirudi. Matone yalishuka kutoka mawinguni kama kawaida, yakifika pale mteremko ulipokuwa, yanagota, yanatiririka kwenye makorongo yaleyale ya zamani. Kilikuwa kilima cha rangi ya maji, chenye mabega yake yote, na mtu aliweza kukikanyaga. Mbuzi wa jirani walikipanda mara ya kwanza kwa shangwe, wakakuta hakina majani, wakashuka na njaa yao. Mvua ikikatika kilitoweka, na kilichokuwa juu kilikuja chini. Ndama mmoja alivunjika mguu hivyo, na tangu siku hiyo wachungaji walitazama mawingu kwanza.

Kulikuwa na sharti moja zaidi, ambalo watu wa pale walilijua kama wanavyojua kutomwaga maji njiani. Hapandi mtu na mwavuli. Pasiponyesha hapana kilima, na chini ya mwavuli hapanyeshi.

Mpigapicha alishampelekea afisa picha ya kilima hicho. Afisa aliitazama kwa heshima zote, akasema ni nzuri, ila hilo laweza kuwa wingu limekaa vibaya. "Niletee picha yenye mtu juu yake," alisema. "Mtu hasimami juu ya ukungu. Na nimwone uso."

Mpigapicha alifikiri kumpandisha mjomba wake. Mama alikuwa anapiga pasi. Hakuinua hata kichwa.

"Mume ni wangu," alisema. "Nitapanda mimi."

"Na magoti yako, Mama?"

"Magoti yatakuja na mimi. Yataniacha yaende wapi?"

Basi ndiyo safari yenyewe. Kwenye kituo cha mafuta mhudumu alijaza tangi huku amejifunika gunia kichwani, akauliza wanakwenda wapi na mvua hii.

"Kilimani," alisema Mjomba.

"Wahini basi. Upande ule kumeanza kutakata."

Waliwahi kadiri walivyoweza, lakini barabara mpya ilipoanza, Mjomba alipunguza mwendo mpaka malori yakaanza kumpigia honi. Jina la Breki alilipatia hapo. Mama naye alivua viatu, akavishika mapajani, miguu yake mitupu juu ya sakafu ya gari. Mumewe alikuwa humo chini ya lami, hakujua ni sehemu gani, na hakutaka kumpitia juu na viatu.

"Wanasema milima haikutani," alisema, akifuta kioo kwa kiganja. "Leo huu wangu utakutana na mimi."

Walikikuta kilima kimesimama, kikubwa, kikivuma. Mpigapicha alitega stendi ya kamera ukingoni mwa barabara na kumfunga mama yake kitambaa chekundu kichwani ili aonekane kutoka mbali. Alimkumbusha mambo mawili. Akifika kileleni ageuke, na akisikia honi ashuke mara moja.

"Nikifika nitakuwa na mazungumzo," alisema Mama.

"Yawe mafupi."

"Miaka yote hiyo, halafu yawe mafupi!"

Alipanda. Alipanda kwa njia ile aliyoipita tangu akiwa bibi harusi anapeleka uji shambani, akikata kushoto penye korongo, akipumzika palipokuwa na mti. Mvua ilimchapa mgongoni hasa. Gauni liligandamana na mwili, na kutoka barabarani alionekana mdogo kuliko alivyokuwa. Mpigapicha alimwonea huruma, lakini jicho hakulitoa kwenye kamera.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Mjomba. Huyu ni mtu aliyelelewa na dada yake, aliyebebwa mgongoni na dada yake, na hapo anamwona dada yake analoa. Huruma ilimfutia sharti akilini. Alichukua mwavuli garini, akaufungua, akakimbilia kilima akiita, "Dada, ngoja, utaumwa kifua!" Alipiga hatua chache za kupanda, kisha kilima kikaisha chini ya miguu yake. Alitumbukia hadi kwenye uwanda, akasimama ndani ya shimo la ukubwa wa mwavuli, kichwa tu kikiwa nje.

Mama alisikia, akageuka nusu. "Funga huo mwavuli, wewe mtoto!"

"Usifunge!" mpigapicha alipiga kelele. "Kitakubana, Mjomba! Tembea nao hivyohivyo!"

Kwa mara ya kwanza maishani Mjomba hakumtii dada yake. Alitembea na mwavuli wazi, akijichimbia njia ndani ya kilima hadi akatokea barabarani, na kilima kikajifunga nyuma yake. Aliukunja mwavuli, akaurudisha chini ya kiti, akaenda kukaa karibu na honi.

Mama alifika kileleni. Aliinama, akapapasa, akakaa kitako, mgongo kwa barabara. Mpigapicha alimsubiri ageuke. Hakugeuka. Upande ule alioutaja mhudumu, anga lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Mvua ilipungua uzito, na mabega ya kilima yakaanza kulegea.

"Piga honi, Mjomba."

Mjomba alipiga. Kitambaa chekundu hakikutikisika. Lenzi ilishika mvuke. Mpigapicha aliifuta kwa ncha ya blauzi, na sasa aliogopa. Kama angemwita ashuke, picha ingekosa uso, na afisa angesema huyo ni mtu yeyote. Kama angesubiri uso, mama yake angeanguka kutoka juu kabisa. Alijua mama yake angechagua lipi. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Piga tena. Usiachie."

Honi ililia kwa pumzi moja ndefu. Mama aligeuka kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa maneno, akawatazama. Mpigapicha alibonyeza. Hapo hapo akaiacha kamera kwenye stendi, akakimbilia kilima akipunga mikono.

Mama alishuka kwa matako zaidi kuliko kwa miguu. Mteremko ulikuwa umekuwa laini kama godoro chakavu, kila anapokanyaga unabonyea. Mjomba naye alikuja, safari hii mikono mitupu. Mvua ilikatika Mama akiwa kwenye kimo cha meza. Walimdaka, wakaangukiana wote watatu kwenye tope, na juu yao hapakuwa na kitu ila anga.

"Umemkuta?" aliuliza Mjomba, alipopata pumzi.

"Jiwe nimelikuta, na jina lipo. Chini yake nimechimba kwa mkono, ni maji matupu." Aliangalia barabara. "Yeye yuko huku. Nimeliambia jiwe lisubiri."

Picha ilitoka vizuri. Wapiga picha wa kalenda huishi maisha yao yote wakiitafuta picha kama ile: kilima cha maji, anga limegawanyika, na kileleni mwanamke mzee mwenye kitambaa chekundu, pembeni ya jiwe, uso wazi, amekasirika.

Afisa wa ardhi aliiweka chini ya taa. Aliitazama kwa jicho moja, kisha kwa lile lingine. Aliwaita wenzake wa chumba cha pili, nao wakatazama, wakatikisa vichwa kukubali. Afisa alisimama, akampa Mama mkono.

"Nilikosea, Mama, naomba radhi. Kilima kipo." Palepale akachukua penseli na kukichora kwenye ramani, kwa uangalifu, na vivuli vyake.

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama. "Sasa niambie mume wangu mmempeleka wapi."

Afisa aliketi. Hakuwa mtu mkorofi. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa.

"Mama, kilima kipo. Na kaburi liko juu yake, nimeliona mwenyewe, hata jiwe. Sasa nani kamhamisha? Kisichoondolewa hakirudishwi."

Mpigapicha alisikia hasira ikimpanda, hasira ya mtu aliyejenga mlango kwa mikono yake na kujifungia nje. Alinyoosha mkono aichukue picha aichane. Afisa alimuwahi, kwa adabu, akauliza kama ofisi ingeweza kubaki nayo. Walikuwa wanatengeneza kalenda na walikosa picha ya mwezi wa masika.

"Haiwezekani," alisema mpigapicha.

"Mpe," alisema Mama. "Mwezi mzima nitamkodolea macho."

Wakatoka. Mjomba alitaka kusema jambo la faraja, akafungua mdomo, akaona uso wa dada yake, akafungua mlango wa gari badala yake.

Kalenda ilitoka, ikatundikwa katika maofisi mengi, na watu walisifu kilima. Malori yaliendelea kupita. Kilima kiliendelea kurudi kila mvua kubwa, na wachungaji walifunga mbuzi wao kama kawaida.

Watatu hao nao hawakuacha. Mvua ikinyesha, Mjomba hukaza waipa, Mama huvua viatu pale barabara mpya inapoanza, na kutoka hapo gari husimama kila baada ya mwendo mdogo. Mama hushuka, akapiga magoti penye ukingo, akaweka kiganja juu ya lami inayotiririka maji, akatulia. Mpigapicha, aliyezoea kupiga milima na majani ya chai, hupiga picha ya kipande hicho cha lami na jiwe la maili lililo karibu, ili wasije wakakirudia. Malori huwapigia honi na kuwazunguka.

Jana walifika penye daraja. Mama aliweka mkono chini kwa muda mrefu kuliko kawaida, mvua ikimdondoka puani. Mjomba, aliyesimama kando na mwavuli ambao hakuthubutu kuufungua, aliacha hata kupumua.

"Si hapa," alisema Mama, akainuka kwa kumshika bega. Akaingia garini, viatu mkononi. "Twende mbele kidogo."