Vidoa Tisa

Ulitazama viatu vyako. Usijifanye umesahau: kwenye kikao kile cha kinu ulikaa safu ya pili, na ripoti iliposomwa uliinama kama aliyedondosha sindano. "Beringi imekufa kwa kukosa grisi. Mtu wa grisi ni mzembe." Maneno hayo tu, na miaka kumi na tisa ya shemeji yangu ikatupwa nje ya geti.

Mimi pia niliinama, tena ripoti hiyo nikaitia sahihi. Hilo nalitanguliza mwenyewe.

Shemeji, mume wa dada yangu, alitunza mota zote za kinu chetu cha unga, na beringi zake, zile pete za gololi ambamo mhimili wa mota huzunguka. Tulimwita Daktari. Alikuwa anagusisha ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, macho kayafumba, anasikiliza.

"Daktari, mgonjwa ana mimba?" tunamtania.

"Ana kikohozi. Lakini afadhali kikohozi chake kuliko kuimba kwako, shemeji."

Siku moja feni inayozungushwa na mota kubwa ilipata ufa. Fundi wa kuchomelea ni mimi. Kibanio cha ethi, kile kinachorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, kilitakiwa kikamate feni yenyewe, karibu na ufa, lakini waya ulikuwa mfupi; ingebidi kuivuta mashine nzima. Msimamizi kanisimamia mgongoni.

"Kamata hapo kwenye mota, bwana. Chuma si chuma?"

Nikakamata. Sote kinuni tulifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza umeme unapita wapi.

Wiki haikuisha, Daktari akatoa bisibisi sikioni. "Shemeji, hii inalia. Na si kilio cha njaa, grisi nimeipa." Akaandika kwenye daftari la zamu. Nani alisoma? Wiki ya tatu mota ikakwama, ikatoa moshi, kinu kikasimama.

Kwenye kikao kile cha ripoti aliomba jambo moja tu. "Ikateni hiyo beringi, muone ndani."

"Umekuwa mchinjaji siku hizi?" msimamizi akasema.

Ukacheka. Nakumbuka mpaka pengo la jino lako.

Aliiokota beringi kwenye takataka, akaenda nayo nyumbani, akaiviringisha kwenye ovaroli lake na kuiweka chini ya kitanda. Dada anasema tangu siku hiyo hakuwasha redio tena. Mtu aliyeishi kwa sikio lake alikuwa hataki kusikia kitu. Hakumaliza mwaka. Tulipotoka kuzika, dada akaniletea lile furushi.

"Kaka, wewe una grainda. Alitaka ikatwe tu."

Nikaikata uani kwake, yeye amesimama. Grisi ilikuwa tele, imegeuka nyeusi tu. Nikaifuta. Chuma kilichokosa grisi huungua njia nzima ya gololi, kikawa cha buluu. Hiki hakikuwa hivyo. Kilikuwa na vidoa vilivyoyeyuka, vimeachana sawasawa, na kumenyeka kote kulianzia hapo. Gololi tisa, vidoa tisa. Kila kimoja kilikuwa pale gololi iliposimama wakati umeme wa mashine yangu unapenya humo kutoka feni kwenda kwenye kibanio.

"Ni nani?" dada akauliza.

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliviokota vipande, akavifunga tena kwenye ovaroli, akanifungulia mlango nitoke. Mpaka leo haniiti kaka.

Sasa sikiliza. Mama aliyerithi bomba la grisi la Daktari amepewa barua yenye maneno yale yale. Mota ni ile ile, na mwezi uliopita fundi wa zamu nyingine aliichomelea feni tena, kibanio pale pale kwenye mota. Kikao ni leo saa nne. Beringi iliyokufa safari hii ipo kwenye pipa la chuma chakavu nyuma ya stoo, na gari la kubeba chakavu limeshaingia getini.

Grainda ninayo hapa, na nitasema mbele ya wote nilichomfanyia Daktari. Lakini mimi mmoja watanitoa nje. Inuka. Kaitoe ile beringi pipani sasa hivi, iweke mezani kwao, na usitie sahihi mpaka ikatwe.