Geji Niliyoitaka Mwenyewe

Geji niliitaka mimi. Hakuna aliyenishauri, hakuna aliyenilazimisha, kwa hivyo hata wa kumlaumu sina. Wanaonijua hapa Bungoma watakwambia Wepukhulu akitaka kitu hanyamazi mpaka akipate.

Lori ninaloendesha ni la Aman, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Babake, mzee Harbhajan, ndiye aliyeniajiri miaka kumi na tisa iliyopita, nikiwa bado na nywele kichwani. Kazi yenyewe ni moja: napandisha simiti na mabati hadi Kitale na Endebess, nateremka na mahindi. Tangu mwezi wa tano lori likaanza kunitia aibu. Likiwa tupu linakwenda vizuri kabisa. Lipakie simiti, lifike mlimani, linakata pumzi. Nakanyaga mafuta, linakohoa tu. Hata tuktuk zilikuwa zinanipita, na wenye tuktuk wananipungia mkono, wajinga wale.

Fundi wa yadi alikuwa Bethwel, shemeji yangu, kakake mke wangu Dinah. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Alibadilisha chujio, akabadilisha mipira ya kupitisha mafuta, mwishowe akamwambia Aman anunue pampu mpya, ile ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Pampu ikanunuliwa, Bethwel akaifunga. Safari iliyofuata nikakwama tena na mifuko mia mbili, mvua ikanyesha, turubai lina matundu, simiti ikaloa.

Aman akatuita ofisini sote wawili. Si mtu wa kelele. Alisema ama dereva hajui kuendesha ama fundi hajui kutengeneza, na mwisho wa mwezi, mmoja wetu ataenda nyumbani. Bethwel aliangalia viatu vyake. Mimi damu ilinipanda. Miaka kumi na tisa, ati sijui kuendesha! Nikasema hapo hapo kwamba kuna geji ya presha ya mafuta, inafungwa kwa umeme, sindano yake inakaa mbele ya dereva, na inaonyesha kama dizeli inafika kwenye injini au haifiki. Ifungwe, tujue mwongo ni nani. Aman akakubali. Bethwel hakusema kitu, na mimi nikaweka moyoni kwamba huo ni ukimya wa mtu mwenye hatia.

Sikutaka yeye aiguse. Tuliipeleka Kitale kwa Phelista, fundi wa umeme wa magari, mama mkali ambaye hataki kuulizwa maswali akiwa amelala chini ya gari. Bethwel alikuja pia, kwa sababu Aman alitaka sote tuone. Phelista alikata mpira unaotoka kwenye chujio kwenda pampu kubwa ya injini, akaingiza kiungo chenye midomo mitatu, na kwenye mdomo wa tatu akakaza sensa. Bethwel ndiye aliyemshikia mpira dizeli ikimwagika. Mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeizungushia sensa ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji, mizunguko kama kumi, ati isivuje. Phelista aliibandua yote akaitupa. Alisema sensa hiyo inapata ethi, ile njia ya umeme kurudi, kupitia chuma chake, na ukiifunika namna hiyo sindano itakudanganya. Kisha akavuta waya hadi ndani ya kebini. Mwekundu aliuunga kwenye swichi ya ufunguo na fyuzi yake, mweusi akaufunga kwenye bodi mahali alipokwangua rangi. Tukatoa hewa kwenye mafuta, nikawasha. Sindano ikapanda, ikasimama katikati. Nilifurahi utadhani lori ni langu.

Phelista alipangusa mikono akaniangalia.

"Mzee, hii kitu itakuambia mafuta haijafika. Haitakuambia ni nini imeizuia. Usije ukasema Phelista hakusema."

Si nilimsikia? Nilimsikia vizuri. Sikutaka kuelewa, basi.

Tuliporudi Bungoma jioni, Bethwel alinifuata kwenye lori. Aliniomba ufunguo ashushe tangi alioshe kabla hatujapakia. Alisema kwa upole, kama anavyosema kila kitu, na upole wake ndio ulinichoma zaidi. Nilimwambia asinifanye mtoto. Leo geji imefungwa, leo leo anataka kufungua lori peke yake? Ili aondoe nini? Nikatia ufunguo mfukoni nikaenda nyumbani.

Asubuhi tukapakia simiti. Aman mwenyewe alipanda, akakaa katikati yetu. Njia nzima sindano ilisimama pale pale. Tulipoanza kupanda mlima baada ya Kamukuywa, ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, mpaka ikalala kwenye sufuri, na lori likakohoa na kusimama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako, bosi," nikasema. "Pampu mpya iliuzwa. Hapa tumefungiwa mtumba."

Aman alimgeukia Bethwel akamuuliza mara moja tu. Bethwel akajibu kwamba pampu ni mpya na aliifunga kwa mikono yake. Sasa mbona mafuta hayafiki? Bethwel aliniangalia. Aliniangalia muda mrefu mpaka nikataka kumuuliza anaangalia nini. Kisha akageuza uso kwenye mahindi ya watu pale nje.

"Sijui, bosi."

Fundi akisema hajui, amekwisha. Siku hiyo hiyo alirudisha spana za yadi akaenda kwao Bokoli. Dinah alilia, halafu akakasirika. Alimpigia simu kakake, akamwambia amemwaibisha kwa watu wa mume wake, na asimtafute tena. Nilikuwa nimekaa hapo hapo nikinywa chai. Sikumzuia.

Fundi mpya, Kimaiyo, akafunga pampu nyingine. Tukapakia, tukafika mlimani, sindano ikalala vile vile. Nikasema waya zimelegea. Kimaiyo alizipima zote, zikawa sawa. Basi tuliporudi yadi akashusha tangi, akatia mkono ndani mpaka kwapani, akatoa konzi ya kitu kizito, cheupe kilicholowa dizeli. Kilikuwa kimejaa kwenye wavu mdogo wa bomba linalovuta mafuta. Akakinusa.

"Sabuni," akasema.

Sabuni ile niliijua. Mwezi wa pili, kwenye barabara ya Cheptais, jiwe lilipasua tangi upande wa chini. Sasa dereva gani hajui dawa yake? Unanunua sabuni ya kipande, unaikanda, unaziba ufa, dizeli inaacha kuvuja, na ukifika unashusha tangi lichomewe. Mimi nilifika nikaona haivuji, nikaacha. Ikivuja tena kidogo, napaka nyingine, naisukuma kwa dole gumba. Miezi yote hiyo nilikuwa nasukuma sabuni ndani. Bethwel alishawahi kuniambia tangi lichomewe. Nilimjibu asinifundishe lori langu.

Aman aliuliza nani ametia sabuni kwenye tangi lake. Mdomo nilikuwa nao. Kimaiyo akasema labda ni yule fundi wa zamani, ili lori liharibike kila mara naye asikose kazi. Aman akatikisa kichwa, akasema kumbe Bethwel alitaka kumuulia lori. Wote wawili wakaniangalia mimi, mtu wa miaka kumi na tisa kazini.

"Inawezekana," nikasema.

Neno moja tu. Nimelirudia peke yangu mara nyingi tangu siku ile na bado linanuka.

Jumapili nilikwenda Bokoli. Nilimkuta Bethwel akipalilia. Aliacha jembe, akaniletea kiti, akanitilia maji ya kunawa, heshima yote ya shemeji, na mimi sikuweza hata kukaa. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Siku ile kwa Phelista dizeli ilinimwagikia, nikasikia inateleza kwa mkono kama maji ya kufulia. Ndiyo nikakuomba ufunguo."

Nikamuuliza, karibu kwa hasira, kwa nini hakusema mbele ya Aman. Yaani hata hapo nilikuwa namkasirikia yeye.

"Mmoja alikuwa lazima aende. Mimi sikosi kitu cha kutengeneza hapa. Wewe unajua usukani tu. Na anayekula kwako ni dada yangu."

Nilisema kesho asubuhi nitamwambia Aman ukweli. Akasema hiyo ni shauri yangu, kazi ni yangu. Aliomba kitu kimoja.

"Dinah peke yake mwambie. Hashiki simu yangu."

Njia nzima nilipanga maneno. Nilifika nyumbani nikiwa nayo yote mdomoni. Nikakuta harufu ya kuku. Dinah alikuwa amesikia kutoka kwa watu wa yadi kwamba sabuni imepatikana na kwamba aliyeitia ni kakake. Alikuwa amechinja. Alinikaribisha mezani, akaniwekea ugali, na juu ya bakuli la kuku akaniwekea firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba.

"Kula," akasema. "Walitaka kukuchafulia jina. Angalau nyumba hii ina mtu mmoja mwaminifu."

Niliiangalia ile firigisi. Yeye alikuwa amesimama pale, macho yamevimba, akingoja nionje.

Nikaila.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Tangi lilichomewa, na sasa sindano inasimama katikati kutoka Bungoma hadi Endebess, mlima au tambarare. Aman anasema nilikuwa na akili kutaka geji. Na Bethwel bado hupiga simu kila Jumapili, na Dinah bado hashiki.