Kila Mtu Mstari Wake

Débora aliandika jina la mtoto wake kwenye kompyuta kwa mchezo tu. Sagesse. Umri: 8. Ugonjwa: malaria. Akabonyeza. Kipimo cha dawa ya kinini kilipotokea, akaacha kutabasamu.

"Edmond, kuya uone. Hii ni kinini ya mutoto mwenye anaenda masomo."

"Uliandika umri gani?"

"Munane. Miezi munane, si unamujua Sagesse?"

Edmond aliinamia kioo cha kompyuta. Nje, jenereta ya chuo ilikuwa inakohoa.

"Mimi nilihesabu na miaka," akasema.

"Na mimi niliweka miezi. Bamama banahesabu batoto na miezi. Nani analeta mutoto ya sifuri mwaka kwa munganga?"

Walikuwa wanafunzi watatu katika kundi lao: wao wawili na Lévi. Waliigawa programu yao ya kupima dawa kama watu wa Lubero wanavyogawana shamba siku ya kulima pamoja: kila mtu mstari wake, wala huingizi jembe katika mstari wa mwenzako. Ukiingiza, umemwambia hajui kulima. Débora alitengeneza ukurasa wa kuandika mgonjwa, Edmond hesabu ya dawa, Lévi akaunganisha. Kila kipande peke yake kilikuwa safi.

Kusahihisha kulikuwa kazi ndogo. Shida ni kwamba Lévi alikwisha kupeleka disketi Beni, katika kituo cha afya chenye kompyuta, njia ya Mavivi, ili jury, walimu watakaowatahini, isikie kwamba programu yao inatumika kweli. Askari walikuwa wameiba mizani ya kituo, kwa hiyo dawa zilitolewa kwa kufuata umri. Kisha vita vikasogea upande wa Mbau, barabara ikafungwa, na Lévi mwenyewe akakimbilia porini pamoja na wazazi wake.

"Natengeneza sasa hivi," Edmond akasema. "Kesho tunafanya défense mbele ya jury na hii mupya. Barabara ikifunguka, tunatuma disketi ingine. Hakuna mutu atajua."

"Na mutoto mwenye anapewa dawa leo?"

"Munganga iko na macho."

"Munganga wa kituo alikimbia! Kulibakia Orpa, na yeye iko stagiaire, anajifunza tu kazi."

Edmond alijua kinachofuata. Njia moja tu ilibaki ya kufika Beni kabla ya jioni: foni, ile redio ya kuongelea ya parokia. Na foni haina siri. Unachosema kinasikika kwa kila mwenye chombo, kuanzia Beni hadi Kayna. Profesa Abdias, mkuu wa jury, aliisikiliza kila alasiri, maana mama yake alikuwa Kayna.

"Ukiongea pale, Mama Sagesse, tumekufa."

"Sisi tutarudilia mwaka. Kufa ni kingine."

"Mwaka gani? Unajua kama masomo itafunguka tena?"

Débora alichukua kitenge chake akatoka. Edmond alibaki akikitazama kioo, kisha akamkimbilia.

Mbele ya chumba cha foni palikuwa na foleni ndefu. Débora akaipita.

"Eh! Mama wa ordinateur!" mwanamke mmoja aliyejua kazi yake ya kompyuta akapiga kelele. "Sisi ni majani hapa? Kila mutu iko na ndugu kule!"

"Iko mutoto anapewa dawa mubaya, mama. Ni sisi tulikosa."

Yule mwanamke alimtazama, halafu akamsukuma mbele. "Sasa unangojea nini? Ingia!"

Kasika, mwenye foni, aliita mara nyingi kabla ya sauti ya Orpa kutoka katikati ya mikwaruzo.

"Orpa, hapa Débora wa Butembo. Usitumie ordinateur tena. Kwa batoto badogo kinini inatoka mingi sana. À toi."

Akaachia kitufe kumpa Orpa zamu. Kisha: "Sasa hivi tu niliandika mutoto moja. Niliona ni mingi. Lakini ordinateur ilisema." Kiti kikasikika kikisukumwa. "Serum ya kinini inaingia sasa kwa mushipa. Mungoje!"

Wakangoja. Foleni nzima ilikuwa imesogea mlangoni. Ndipo sauti nyingine ikaingia, nzito, ambayo wote wawili waliifahamu.

"Butembo, hapa Abdias. Hiyo ni programme ya kesho?"

"Ndiyo, Prof."

"Nani alifanya hesabu?"

Débora hakugeuka. Ulikuwa mstari wa Edmond, si wake, na kulitaja jina lake kungekuwa kusema kweli. Mkono ulipita juu ya bega lake ukachukua kipaza sauti.

"Ni mimi Edmond, Prof."

Débora akakichukua tena. "Na mimi niliweka miezi bila kumuuliza. Hakuna mwenye aliangalia kwa mwenzake."

"Mutoke kwa ligne," Abdias akasema. "Muache munganga aongee."

Mikwaruzo tena. Edmond alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye juu ya gari linaloteremka Lubero bila breki.

"Nimeitoa," Orpa akasema. "Ilikuwa imeingia kidogo. Anapumua, lakini moyo inakimbia sana. À toi."

"Usitoke karibu yake."

"Sitoki. Wasingya, asante, mama."

Abdias alirudi. "Kesho défense hakuna. Mutakuya na programme, na kila mutu atanielezea kipande ya mwenzake. Mustari kwa mustari. Kisha nitaona kama nawafukuza."

Walirudi chuoni. Edmond aliwasha kompyuta, akafungua hesabu zake, akaondoka kwenye kiti.

"Ingia kwangu," akasema. "Anzia juu."

Débora akaketi, akaanza kusoma. Alipofika mahali asipoelewa aliuliza, na Edmond akajibu bila kukasirika.

Asubuhi walikuwa wa kwanza mlangoni pa foni. Orpa alijibu kwa sauti ya mtu ambaye hakulala.

"Mutoto amenyonya," akasema.

Débora akaegemea ukuta. Kisha wakachukua disketi, wakaenda kwa Abdias.