Kosa la Bastola Ndogo

Kila asubuhi, kahawa ikishakwisha, Verlin Haskew aliinuka mezani, akapapasa juu ya friji na kuishusha bastola yake ndogo. Aliielekeza sakafuni, akavuta nyuma chuma cha juu kidogo tu, aone kama risasi imo, akaitia mfukoni ndani ya ala yake ya ngozi, kisha akambusu mkewe utosini. Oleta alikwisha kuuzoea mlio ule mkavu wa chuma kama watu wengine wanavyozoea kengele ya kanisa. Asubuhi hiyo mlio haukuja. Alisikia kitu kikiteleza, halafu kishindo.

Bastola ilikuwa chini, kando ya bakuli la paka.

"Imeniponyoka," alisema Verlin. "Ni fundi Lonzo huyo. Kaimwagia mafuta utadhani anakaanga kuku."

Oleta aliinama akaiokota. Ilikuwa kavu kama mfupa.

"Lonzo naye," akasema, akampa mumewe bila kumtazama usoni.

Kwa miaka mingi Verlin alibeba bastola kubwa, nzito, iliyomwachia baka kwenye kila mkanda aliovaa. Haikuwahi kumsaliti. Mwaka uliopita, ng'ombe walipokuwa wakizaa, akaiuza ghafla. Alisema inamchosha nyonga. Akanunua hii inayoenea kwenye kiganja, na tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Ilikuwa haimalizi magazini moja ya risasi bila kukwama. Aliirudisha kiwandani mara mbili, na mara zote mbili ikarudi na maneno yale yale, kwamba haina tatizo. Lonzo Tackett, fundi bunduki na rafiki yake tangu utotoni, akabadilisha springi, akasugua njia ya risasi mpaka ikang'aa kama kioo, akamtafutia magazini mpya. Ikakwama vile vile.

"Udogo wenyewe ndio ugonjwa," Verlin alimwambia kila mtu, kuanzia mchungaji hadi msichana wa kwenye duka la chakula cha mifugo. "Wamekata mtutu, wamekata kishikio, na springi wameikaza, kuikoki ni kama kufungua chupa ya achari iliyofungwa na shetani. Mchoro wao mbovu, halafu wanakuambia kosa ni lako."

Na hakuwa akisema uongo. Bastola hizi ndogo zina deko. Hata Lonzo alikiri. Ila Oleta alikuwa ameona mambo mengine. Mashati ya vifungo yalikuwa yamebaki kabatini, na Verlin sasa alivaa yale ya vishikizo vya chuma vya kubonyeza tu. Nyama alikuwa akiikata kwa mkono wa kushoto. Na kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, pale palipokuwa pamejaa nyama ngumu ya mkulima, palikuwa pameingia kibonde. Usiku, Verlin akishalala, Oleta aliweka kidole chake katika kibonde kile na kukiacha hapo.

"Twende kwa daktari akakuangalie mkono," alimwambia asubuhi hiyo Verlin aliporudi mezani, akimkwangulia mchuzi mweupe wa mwisho juu ya mkate.

"Mkono una nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema twende."

Verlin alisukuma sahani. "Haya, mama, tuwekeane neno. Leo tunaenda kwa Lonzo. Ikiwafyatulia wengine vizuri na kunikatalia mimi, Jumatatu nitakwenda kwa huyo daktari wako, nitavua na shati. Lakini ikiwakwamia na wengine, sitaki kusikia habari ya mkono tena ndani ya nyumba hii. Sawa?"

"Sawa," alisema Oleta.

Nyuma ya karakana ya Lonzo palikuwa na tuta la udongo mwekundu na marobota ya nyasi kavu yaliyobandikwa karatasi za shabaha. Lonzo alianza. Akapiga magazini nzima. Risasi zilitoka moja baada ya nyingine bila kusita.

"Wewe una mikono ya nyani, huhesabiki," Verlin alisema. "Lete hapa."

Risasi ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka, lakini ganda lake halikuruka. Lilibanwa na chuma cha juu, likasimama wima kama dohani. Verlin akaigongagonga, akaanza upya. Ikakwama tena. Akaanza upya. Jasho lilimtiririka shingoni, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Lonzo alikuwa akiangalia viatu vyake. Kila fundi bunduki anajua kwamba bastola ndogo inataka mkono uliokaza. Chuma kile kinaporuka nyuma, kinahitaji mahali imara pa kukanyagia. Kifundo cha mkono kikilegea, nguvu inapotea, ganda linakwama. Lonzo alilijua hilo tangu mwezi wa kwanza. Ndiyo sababu akabadilisha springi. Ndiyo sababu akasugua. Mtu atamwambiaje rafiki yake?

"Shemeji," akasema, "hebu jaribu wewe."

"Mpe!" alisema Verlin. "Mwanafunzi wangu huyo. Akishindwa yeye, basi chombo hiki ni cha kutupa mtoni."

Oleta aliipokea. Ilikuwa bado na joto la kiganja cha mumewe, na unyevu wake. Alisimama kama alivyofundishwa akiwa msichana, alipokuwa bado hajui kama kijana yule anamfundisha kulenga au anatafuta sababu ya kumshika mikono. Bastola ingesema yote kwa niaba yake. Afyatue tu, na Jumatatu wangekuwa kwa daktari.

Risasi ya kwanza ikatoka safi, ganda likaruka likang'aa juani.

Akageuza macho kidogo. Verlin alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili, kama wanavyofanya makaburini. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Alikuwa anaomba.

Oleta akaulegeza mkono.

Ganda likakwama, wima.

"Umeona!" Verlin akarusha kofia juu. "Lonzo, umeona? Nilisema mimi! Nilisema!"

"Nimeona," alisema Lonzo, lakini alikuwa akimtazama Oleta. Alipoichukua bastola kutoka mkononi mwake akasema polepole, "Umemsaidia nini, shemeji?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani Verlin aliimba. Alipiga usukani kwa mkono wa kushoto, akapanga maneno makali ya kuwaandikia kiwandani. "Na daktari mwambie asahau. Neno ni neno, au vipi?"

"Neno ni neno," alisema Oleta.

Walipofika uani, Verlin akazima injini, akaacha redio. "Tangulia, mama. Namalizia wimbo."

Alikuwa akisema hivyo kila siku tangu kiangazi. Oleta alikuwa akitangulia kila siku, akifikiri uzee umemfanya mumewe apende nyimbo. Leo mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango alipoisikia redio kwa makini. Hapakuwa na wimbo. Mtu alikuwa akitangaza dawa ya kupe.

Akaufunga mlango tena.

"Verlin, nililegeza mkono," akasema. "Pale kwa Lonzo. Bastola haikukwama yenyewe. Niliikwamisha mimi."

Paka alitoka chini ya ngazi, akapita mbele ya gari, akaenda zake.

"Najua," alisema Verlin. "Nilikuona. Mimi ndiye niliyekufundisha, Oleta. Hujawahi kulegeza mkono maishani mwako."

"Mbona ukafurahi vile?"

"Nilitaka siku moja tu ya kufurahi."

Akashusha mkono wa kulia kwenye kitufe chekundu cha mkanda wa kiti. Kidole gumba kikasukuma, kikateleza. Kikasukuma tena, kikateleza. Safari hii hakumwambia atangulie, wala hakutaja mafuta, springi, au kiwanda. Aliuacha mkono ulale pale juu ya kitufe, ambapo mkewe angeuona.

"Nifungulie," akasema. "Siwezi."