Sakado Nyekundu

"Hiyo ya kijani urudishe kule juu," alisema Adélaïde. "Mi sikuya kuingia jeshi."

Thabit alicheka, akalitundika begi la mgongoni kwenye msumari wake. Duka hilo la mtaa wa Asiatique alilirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu aliyetoka Omani, na ndani yake mlikuwa na kila kitu, kuanzia sindano za cherehani hadi begi hizo ambazo Bujumbura nzima huziita sakado. Mteja huyu alimfahamu vizuri. Mwalimu wa jiografia, mjane, mama wa mtoto mmoja, mwanamke asiyejua kusema "labda".

"Madame, ile ndiyo nguvu. Wallahi, haipasuke. Askari wenyewe wanainunuaka hapa."

"Ndiyo shida yenyewe. Askari akiniona nayo mu mulima atasema mi muasi. Muasi akiniona atasema mi askari. We ungechagua kupigwa na nani?"

"Basi chukua hii nyekundu. Lakini hii wataiona hata watu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa."

"Hiyo ndiyo natafuta. Mutu mwenye kuvizia mutu hawezi kubeba nyekundu."

Kazi ya kuchagua ikaendelea hivyo. Buti za mpira zingewafaa kwenye umande, lakini miaka hiyo mtu aliyevaa buti za mpira kilimani alikuwa na jina moja tu, muasi. Adélaïde alichukua raba nyeupe za kitambaa. Za binti yake Bella alizichukua kubwa kidogo, kwa sababu vidole vinataka nafasi wakati wa kuteremka. Kisha Thabit akamletea shitingi, ile plastiki nzito ambayo mashirika huwagawia wakimbizi. Adélaïde aliisukuma kwa kidole.

"Hiyo nimelala chini yake. Siwezi kuilipia nilale tena."

"Sasa mutalala chini ya nini?"

Alitazama rafu ya juu. Palikuwa na turubai la njano lenye mistari, la kufunika wageni wa harusi, limechanika upande mmoja.

"Nikatie pale kwenye kipande kizima."

"Ya arusi hii?"

"Umeshaona mutu anakimbia na turubai ya arusi?"

Hapana, Thabit hakuwahi kuona. Akachukua mkasi. Alipokuwa anakata akauliza, macho yakiwa kwenye kitambaa:

"Na kule juu mutafanya nini?"

"Tutapanda. Tutalala. Tutashuka."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Mkasi ukasimama. "Sisi tulikuwa tunaenda Rumonge," Thabit alisema. "Kila Idi. Na bibi, na watoto, na sufuria ya pilau. Kuoga tu mu ziwa." Akaendelea kukata, na kipande alichomkunjia kilikuwa kikubwa kuliko kile alichoombwa.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2004. Kundi moja kubwa la waasi lilikuwa limekwisha kupatana na serikali, lakini jingine lilikuwa bado kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Barabara ya Ijenda ilifunguliwa asubuhi na kufungwa jua likikaribia kuzama. Masista wa misheni moja ya huko juu, walioleta viazi na maziwa mjini kwa pikapu yao, walimwambia Adélaïde kwamba kwao kumetulia muda mrefu sasa. Shamba lao la mikaratusi lilikuwa chini ya mlima Heha. Njooni Jumamosi, walisema, mlale.

Hakungoja kuambiwa tena. Heha aliupanda mara ya mwisho kabla ya vita, akiwa na mumewe Anselme, na Bella akiwa tumboni. Anselme ndiye aliyemfundisha kufunga mzigo wa safari: sufuria moja, si mbili, kiberiti ndani ya kichupa, soksi za sufu hata kama mjini unatokwa jasho. Walikuwa na hema ya kweli, ya kahawia. Oktoba 1993, siku chache kabla ya mauaji kuanza, Anselme alienda Gitega kikazi. Hakurudi, na hakuna aliyewahi kumwonyesha Adélaïde mahali alipolazwa. Walipokimbia, yeye na mtoto, ile hema ikawa nyumba yao, baadaye ikawa nyumba ya wengine, na mara ya mwisho alipoiona ilikuwa pazia la choo cha kambi. Hema hakuililia. Alilia siku nyingine kabisa, akifua soksi.

Tangu wakati huo, kila asubuhi alipofungua dirisha lake pale Gasenyi, mji unapoishia na vilima vinapoanza, alivitazama hadi chai ikapoa. Darasani alichora milima kwa chaki, mistari ndani ya mistari, mbele ya watoto ambao hawakuwahi kuikanyaga. Lakini hamu yake angeweza kuendelea kuimeza. Jambo ambalo hakuweza kulimeza ni Bella. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, na alipokaa uani alihakikisha kiti kimeupa mlima mgongo. Siku moja Adélaïde alimuuliza kama alivyowauliza wanafunzi wake: mlima ni nini?

Bella hakufikiri. "Ni kule masasi inatokea."

Risasi zilitoka huko kweli, na mwalimu hakuweza kuliwekea jibu hilo alama ya kosa. Lakini aliapa moyoni kwamba mtoto huyo hatakuwa mwanamke mzima akiwa na jibu hilo hilo.

Basi Alhamisi hiyo alirudi Gasenyi nyuma ya baiskeli ya kukodi, sakado mgongoni, turubai na bidoni ya maji mapajani, raba zikining'inia kwa kamba zake. Rangi nyekundu ikafanya kazi iliyochaguliwa kufanya: mtaa mzima ulimwona. Pascaline, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anapeta mchele mlangoni, kichanga chake kikiwa mgongoni. Aliangalia sakado. Akaangalia raba. Akaangalia bidoni. Ungo ukatulia.

"Mama Bella. Ni lini?"

"Jumamosi."

"Saa ya namna gani?"

"Asubuhi sana. Mbele jua halijatoka."

Pascaline alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki kwa kuniambia," alisema, akaingia ndani na mchele wake nusu haujapetwa.

Adélaïde aliona ni shukrani nyingi kwa habari ndogo. Akaenda kusugua sufuria.

Ijumaa mtaa uliamka na adabu. Kwanza Pascaline alirudisha kinu, ambacho Adélaïde alikwisha kukisahau. Kisha mtu akaleta pampu ya baiskeli. Mwingine akaleta pasi ya makaa, imefutwa majivu na kung'arishwa. "Leo watu wameokoka," Adélaïde alijisemea, akapanga vitu vyake kwenye rafu, ameridhika. Hakukumbuka, na alipaswa kukumbuka, kwamba mtaani kwao kulikuwa na wakati mmoja tu ambapo kila mtu alirudisha cha mwenzake: kabla ya kukimbia. Kitu cha watu hukimbii nacho.

Bella ndiye aliyemfumbua macho. Alirudi kutoka bombani ndoo ikiwa tupu.

"Mama, kwa Byamungu wamefunga mbuzi kamba. Na wanajaribu kama bibi yao anaenea mu toroli."

Adélaïde aliweka pasi chini polepole. Sakado, viatu vya kutembea, bidoni. Na mdogo wake Bonfils alikuwa sajenti katika kambi ya mjini, jambo ambalo kila mtu alilijua. Na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alikuwa ametaja siku na saa.

Akatoka nje.

Bibi yake Byamungu, kikongwe, alikuwa kweli ndani ya toroli, miguu ikining'inia, amekumbatia sufuria. Watu walikuwa wamejaa barabarani na mikeka iliyokunjwa.

"Sikilizeni! Hakuna vita ya Jumamosi. Mi naenda mu mulima na mutoto. Tunaenda kulala kule. Kwa kupenda."

Hakuna aliyeshusha mkeka. Kisha Byamungu, mwashi mwenye mabega kama mlango, kamba ya mbuzi mkononi, akaanza kucheka.

"Mama Bella, tangu nimezaliwa naona watu wanalala inje juu ya kukimbia. Kwa kupenda? Hata mbuzi yangu haipendi!"

Wakacheka wote, cheko la watu ambao hawakulala vizuri.

"Sema tu ile Bonfils alikuambia," alisema Pascaline.

"Bonfils hakuniambia kitu. Bonfils hajui hata siku yangu ya kuzaliwa."

"Ee. Ndivyo alikuambia useme."

Adélaïde alimgeukia bibi kwenye toroli, akitafuta akili kwa mtu mzima.

"Na we, bibi, unaamini nini?"

"Mi naamini hii toroli," bibi alisema. "Mara ile ingine waliniacha, wakarudi kunichukua nyuma. Leo sishuke."

Hapo Adélaïde akayaona yote kama anavyoyaona kwenye ramani. Kesho sakado nyekundu ikitoka langoni gizani, mtaa mzima utaifuata: bibi huyu kwenye mawe ya barabara, kichanga cha Pascaline kwenye baridi, mbuzi, mikeka, na mbele yao askari wa kizuizi wenye usingizi na vidole vyepesi. Na mtaa wa pili ukiwaona, nao utatoka. Angeweza kuacha safari. Alifikiri hivyo kwa muda wa kutoka pale hadi jikoni kwake. Halafu akamwona Bella amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwa mlima, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba hawatakwenda.

Alitoka tena na sakado ikiwa imejaa. Ndani mlikuwa na turubai, blanketi, sufuria moja, soksi za sufu, kiberiti ndani ya kichupa. Akaiweka miguuni mwa Pascaline, raba juu yake, na ufunguo wa nyumba juu ya raba.

"Kaa na hii yote. Mutu mwenye kukimbia anaachaka viatu vyake kwa jirani?"

Pascaline alimtazama Byamungu. Byamungu akajikuna shingo.

"Apana," alikubali.

"Basi. Kesho naenda kusalimia masista, na narudi kesho ileile. Jua likiingia mu ziwa hamujaniona, mukimbie. Na mumuchukue bibi wa kwanza."

"Na kulala?" Bella aliuliza nyuma yake.

"Hatulali."

Walipanda Heha wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Hakuna mavazi yaliyopita vizuizini kirahisi zaidi. Mama na binti, mwavuli mmoja, viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa. Viatu vya Jumapili viliteleza kwenye nyasi kavu, na Adélaïde alizitukana soli zake kwa Kifaransa na kwa Kirundi. Bella alitembea ndani ya kivuli cha mama yake, akikanyaga pale pale alipokanyaga yeye. Palipokuwa na kichaka alisimama, akangoja mama apite kwanza.

Juu upepo ulikuwa baridi na ulinuka majani na ng'ombe. Kwa vumbi la kiangazi ziwa lilionekana kama bati lililochakaa, na mji ukingoni mwake kama unga uliomwagika. Bella aliutafuta mtaa wao, hakuuona. Alitazama miguuni pake, akatazama nyuma yake, akatazama kilima baada ya kilima hadi macho yakakosa pa kwenda.

"Ni huku?"

"Ni huku."

"Kuna majani tu."

"Na ng'ombe," alisema Adélaïde, kwa sababu alipenda jibu kamili.

Adélaïde alipapata mahali walipolala na Anselme, chini ya jiwe kubwa bapa, upande usio na upepo. Palikuwa padogo kuliko alivyopakumbuka. Akapapima kwa macho: turubai la njano hapa, kamba ifungwe pale.

"Kichwa kinakaa upande wa juu," alimwambia mtoto. "Na mufereji mudogo huku, mvua ikija."

Bella alilala chini na gauni lake la kanisani, kichwa upande wa juu.

"Kuna jiwe."

"Litoe."

Akalitoa, akalala tena, akajaribu ubavu mmoja, kisha mwingine. "Sasa ni sawa."

Adélaïde alilala kando yake. Nyasi zilikuwa zilezile. Masista walikuwa wamewaambia asubuhi kwamba blanketi zipo, laleni tu, mtashuka kesho, na neno "ndiyo" lilikuwa bado mdomoni mwake, limeiva. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya Bella. Mwingine ulilala kwenye nyasi upande wa pili, mahali ambapo palikuwa na mtu, na uliachwa hapo muda mrefu kuliko mwanamke wa vitendo anavyouacha mkono wake. Huko chini mtaa mzima ulikuwa unalitazama jua. Toroli ilikuwa mlangoni.

Pikapu ya masista, iliyongoja barabarani kuwarudisha mjini, ikapiga honi.

"Mama, tungeleta ile blanketi."

"Tungeleta."

"Tutakuya tena? Kulala?"

Adélaïde aliinuka, akakung'uta majani mgongoni mwa mtoto, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Labda," alisema.

Bella alimwangalia kama mtu aliyesikia lugha ngeni kutoka kwa mama yake. Kisha akaliokota lile jiwe alilolitoa, akaliweka ukingoni mwa nyasi zilizolala, upande wa vichwa, ili mahali pajulikane. Wakashuka mbio, viatu mkononi, kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kuelekea ziwani.