Pua Kumi na Moja

Nilizihesabu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningeweza kusema kwamba ukumbi ulijaa, watoto walipiga kelele, sikuona vizuri. Lakini niliona, na nikahesabu. Pua kumi na moja zilikunjwa.

Kwetu Naujalik, kijiji cha wawindaji kaskazini kwenye barafu, mtu mzima hasimami mkutanini kumwambia mwenzake kwamba amekosea, hasa mbele ya mgeni. Anayekubali hunyanyua nyusi, anayekataa hukunja pua, na mambo yanakwisha bila mtu kuvunjiwa heshima. Mhandisi Halloran, aliyetumwa na serikali kutoka kusini aje kutupangia vibanda vya dharura vya kujikingia dhoruba, hakuyajua hayo. Yeye alitazama midomo, na midomo ilikuwa imefungwa.

"Kuna mwenye pingamizi?" aliuliza.

Mkalimani nilikuwa mimi. Afisa wa dharura wa kijiji pia ni mimi, na mahali Halloran alipopaonyesha kwenye ramani, pale mdomoni mwa bonde, katikati ya njia ya kwenda ziwani, nilipachagua mwenyewe ofisini, kwa kompyuta, huku nakunywa chai. Halloran alikuwa ameshanisifu mbele ya baraza zima. "Safi sana, helikopta itatua bila shida." Mimi sijawahi kulala bondeni pale hata siku moja. Nilisoma kusini miaka tisa. Kuvua samaki kwenye tundu la barafu naweza, lakini kujenga nyumba ya theluji siwezi, na sikupenda mtu anikumbushe.

Nikatafsiri swali. Wazee wakanitazama.

Mstari wa mbele alikaa Ipeelie, mwindaji wa miaka sabini na moja, ambaye akiwa nyumbani huchonga sili na ndege kwa jiwe laini. Mimi nilipewa jina la mama yake, Uluriak, aliyefariki wiki mbili kabla sijazaliwa. Kwetu anayepewa jina la marehemu huchukua nafasi yake, kwa hiyo tangu nikiwa kwenye nepi yeye ananiita Mama, nami nilipojifunza kusema nikamwita mwanangu. Akija ofisini hugonga meza.

"Mama, mwanao hajala."

"Mwana gani huyu, mvi kichwa kizima na kupika hajui?"

"Si malezi yako hayo!"

Siku ile hakutania. Alinitazama machoni, akakunja pua polepole, kama mtu anayenionea huruma. Wengine kumi wakafuata.

Meli ya mizigo hutufikia mara moja kwa mwaka, mwezi wa tisa. Mpango usingetiwa saini siku hiyo, mbao zingesubiri mwaka mwingine, na ndege ya Halloran ilikuwa inaondoka baada ya saa moja. Ndivyo nilivyojiambia, na ni kujidanganya tu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwauliza sababu, wakanijibu, nikaumbuka mbele ya yule aliyenisifu.

"Hakuna pingamizi," nikasema.

Kibanda kikajengwa. Kilikuwa chekundu, kizuri, kina jiko, mafuta, mablanketi na redio ya kuitia msaada. Kila Jumatatu nilitangaza kwenye redio ya kijiji, kwa sauti ya kujivuna ambayo nikiikumbuka leo natamani kuziba masikio: "Dhoruba ikikukuta njia ya ziwani, nenda kibandani. Usiende kwingine. Waokoaji wataanzia huko."

Mwezi wa tatu Ipeelie alikwenda ziwani peke yake kuvua. Dhoruba ikapiga siku mbili. Ya tatu, upepo ulipotulia, tulitoka watu sita kwa pikipiki za theluji. Nilipofika mdomoni mwa bonde sikuona kibanda, nikadhani tumepotea. Saila, kiongozi wa waokoaji, akaninyooshea kitu kilichochomoza kwenye theluji, kifupi kama kikombe.

"Bomba la moshi," alisema. "Umekisimamia kibanda chako."

Kilikuwa chini ya miguu yangu chote. Upepo wa kaskazini-magharibi huikusanya theluji na kuja kuilaza pale, kila mwaka, tangu zamani. Kila mwindaji analijua hilo, na pua kumi na moja zilinieleza.

Ipeelie tulimkuta kwenye shimo alilochimba kuufuata mlango. Aliufikia, lakini mlango ule ulifungukia nje, na theluji ikaukaza. Kisu chake cha theluji kilikuwa kimevunjika. Alichimba kwa mikono, glovu zikalowa, kisha zikaganda. Redio na jiko vilikuwa ndani, upande wa pili wa ubao.

"Mama," alisema, midomo imepasuka, "umekuja na chai?"

Hospitali ya kusini ilimkata vidole sita, viwili vya kushoto na vinne vya kulia. Mkono wa kulia, ule wa kuchongea, ukabaki na dole gumba tu.

Aliporudi nilimpelekea samaki. Nyumba ilikuwa safi mno, hakuna vumbi la mawe sakafuni. Nilimkatia vipande vidogo, kwa kuwa kisu hawezi tena kukishika, nikamuuliza nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Ulijua kwamba theluji hulala pale?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulikwenda? Kwa nini hukujichimbia makao nyuma ya mwamba?"

"Wewe si ulisema redioni twende kibandani?" Akacheka. "Nimkaidi mama yangu, na uzee huu?"

Alicheka peke yake. Nilitoka, nikakaa kwenye ngazi za nje, nikauma glovu ili asinisikie nikilia. Wiki tatu sikupita tena mbele ya nyumba yake. Nilizunguka nyuma ya duka kama mwizi.

Mwezi wa sita Halloran alirudi, kuchunguza yaliyotokea na kupanga kibanda cha pili. Tulikutana katika ukumbi uleule, na watu walikuwa walewale. Ramani ilitandazwa mezani, na mkononi alikuwa na fomu. Akamgeukia Ipeelie moja kwa moja.

"Kibanda cha kwanza, nyinyi wenyewe mlikubali kiwekwe pale?"

Nikatafsiri. Ipeelie alinitazama, kisha nyusi zake zikapanda juu kabisa. Bibi Padluq pembeni yake naye akanyanyua zake. Kisha Saila, kisha wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, hadi wakafika kumi na moja.

"Ah! Hii naijua sasa," Halloran alisema kwa furaha. "Wamenifundisha kwenye ndege. Ni ndiyo, sivyo?" Akaanza kuandika.

Ukumbi mzima ulikuwa unanidanganyia. Wangenifokea ningevumilia, hata wangenifukuza kazi ningesema sawa. Lakini kusitiriwa na watu niliowapuuza, na wa kwanza wao akiwa ameficha mikono mapajani, kulinivua nguo.

"Usiandike," nilimwambia Halloran. Kisha nikasema kwa lugha zote mbili, ili asiwepo wa kubaki nyuma: "Si kweli. Walikataa, wote kumi na moja. Niliwaona, nikakwambia hakuna pingamizi. Mahali pale nilipachagua mimi, na sikutaka ijulikane kwamba sijui."

Kalamu ya Halloran ilibaki hewani.

"Huyu mtoto naye," Bibi Padluq alinung'unika. "Anatuita waongo mbele ya mgeni. Kusini huko walimfundisha nini?"

"Walimfundisha kompyuta," Saila akajibu, na wachache wakaguna kwa kicheko.

Ipeelie aliinuka, akaja mezani.

"Umemaliza, Mama?"

"Nimemaliza, mwanangu."

"Haya, sogea hapa. Mwulize mgeni kama anataka kujua cha pili kikae wapi."

Halloran alisema anataka, akasema tafadhali. Ipeelie akanyoosha mkono wa kulia juu ya ramani kuonyesha, kama alivyozoea maisha yake yote, na mkono ukasimama njiani. Kidole cha kuonyeshea hakikuwepo. Alijaribu dole gumba, likafunika bonde zima na nusu ya ziwa.

"Niazime kidole," alisema.

Nilimpa. Alikibana kati ya dole gumba na kiganja, pale penye makovu yaliyokuwa bado mekundu, akakiongoza juu ya karatasi. Kilipita mahali pangu bila kusimama, kikapanda, kikazunguka mwamba, kikatua upande usiopata upepo.

"Hapa."

Halloran aliinama na kalamu, akasubiri. Kidole changu kilikuwa kinaruka juu ya ramani, alama haikuweza kuwekwa. Ipeelie akakibana zaidi, kwa nguvu zote zilizobaki katika mkono ule.

"Acha kutetemeka, Mama," aliniambia taratibu. "Mgeni anataka kuchora."