Alichokisema Baba Uwanjani

1.

YANAYOFANANA NA YASIYOFANANA
(kama nilivyoyasikia kupitia dirisha, miaka mingi, huku nachambua mchele)

Maryamu. Katika Kurani uchungu unamshika chini ya mtende. Anaambiwa autikise, tende mbivu zinamwangukia. Katika Luka anajifungulia safarini, mtoto analazwa horini.
Baba alisema: kwetu angalau alikula. Mwalimu akasema: kwetu angalau mumewe alikuwepo.
Walikubaliana kwamba alikuwa msichana, na kwamba aliogopa.

Yusufu. Kwetu kanzu imechanika kwa nyuma, nayo inaonyesha hana hatia. Kwao vazi linabaki mikononi mwa mwanamke, nalo linampeleka gerezani. Baba alikuwa fundi cherehani. Kisa hiki alikirudia kila mwaka.

Mwana aliyepelekwa kuchinjwa. Ismaili. Isaka. Hapa chai ilipoa.

Msalaba. Isa hakusulubiwa, alisema Baba. Alisulubiwa, na bila hilo mimi sina dini, alisema Mwalimu.
Hapa mmoja wao aliuliza habari za mvua.


2.

Naitwa Mwanahija. Baba yangu alikuwa Fundi Mbaruku Semkiwa wa Kwemkole, kijiji cha machungwa chini ya milima. Mwalimu ni Ezekieli Mhina, katekista wa kanisa letu.

Nimesema kanisa letu. Wakati ule tulisema hivyo. Kengele yao ilituamsha kwenda shule, na siku ya Idi wao ndio waliotuletea kuni za pilau.

Kila alasiri, Baba akishaswali, Mwalimu alivuka njia na kuja kukaa barazani kwetu, kila mmoja na kitabu chake mapajani. Wewe unayesoma, kama hujawahi kuwasikia watu wawili wakipingana bila yeyote kutaka mwenzake aondoke, sijui nikueleze vipi. Nyumba nzima ilikuwa inapumua.


3.

*Mwalimu Mhina anasema. Alinisimulia haya uzeeni, nami nayaandika alivyoyasema.*

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Homa ya uti wa mgongo, siku nne. Nilimzika mwenyewe, nikasoma mwenyewe, sauti haikutetemeka. Watu wakasema, tazameni imani ya Mwalimu.

Baada ya mwezi nilimwambia baba yako. Sikumwambia padri. Mke wangu sikumwambia. Nilisema, Fundi, nikipiga magoti sina la kusema. Nahesabu mbao za dari.

Hakunijibu kwa aya. Alikaa nami mpaka adhana ya magharibi, na ilipoadhiniwa akachelewa kunyanyuka. Yeye, ambaye hakuwahi kuchelewa.

Nilimpenda kwa hilo.


4.

OFISI YA KIJIJI, KWEMKOLE
TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Mnatangaziwa kuwa Jumamosi tarehe 14 Septemba 1991, saa tisa alasiri, kutakuwa na mhadhara wa kulinganisha Biblia na Kurani katika uwanja wa mpira. Watoa mada ni Fundi M. Semkiwa na Mwl. E. Mhina. Wageni kutoka mjini watakuwepo na vipaza sauti. Amani na utulivu vizingatiwe. Ni marufuku kuja na fimbo.


Wote wawili walikubali. Mama aliwauliza kwa nini. Walisema ni maneno yaleyale ya barazani, ila watu watasikia.


5.

Uwanjani:

— Nani anaongoza?
— Katekista. Huyo anakijua kitabu.
— Na chetu pia anakijua, ndiyo tabu yenyewe.
— Mbona Fundi anamchekea? Ametumwa kucheka?
— Sogea, huoni.

Mwalimu alizungumza kwa utulivu, na watu wakaanza kumsikiliza, hata wetu. Mmoja wa wageni akamnong'oneza Baba sikioni. Sikusikia alichosema.

Baba akachukua kipaza sauti.

"Huyu anawafundisha kuomba," alisema. "Muulizeni kama yeye anaomba. Tangu amzike bintiye, ameniambia kwa kinywa chake kwamba


Hakumaliza. Haikuhitajika.

Takbira zilipaa. Wengine walicheka. Mwalimu alifunga Biblia, akaitia mkobani, akatembea, na watu wakampisha njia.

Mkewe alikuwa amekaa mstari wa tatu.

Hapo ndipo alipojua.


6.

Kimya.


7.

1992.

1993.

1994.

Njia ile ilikuwa hatua ishirini. Hakuna aliyeivuka.

Baba alianza kuitwa Ustadhi. Akiitwa hivyo aliinamisha kichwa juu ya cherehani na kukanyaga kwa nguvu. Alasiri alihamia chumba cha nyuma. Sisi watoto tulijifunza kuzungumza polepole, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Wakati mwingine, akidhani yuko peke yake, alisoma aya kwa sauti, kisha akatulia kidogo, kama mtu anayesubiri kupingwa.

1998.

2002.


8.

Kwa: Mtendaji wa Kijiji, Kwemkole
YAH: OMBI LA KUTUMIA UWANJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kibali cha kufanya mkutano katika uwanja wa mpira, Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri. Mtoa mada ni mimi peke yangu. Mada ni kosa langu. Kipaza sauti hakitahitajika.

Wako,
M. Semkiwa (Fundi)


Mtendaji alimwita, akamweleza kwamba kosa la mtu na mtu humalizwa nyumbani, kwa faragha. Baba akamjibu kwamba yeye hakukosa kwa faragha.


9.

Waliohudhuria:

wanakwaya wawili waliokuwa wanapita
imamu, aliyekuja kumzuia kisha akakaa
vijana wa mpira, kwa hasira, wakisubiri uwanja wao
Mama
mimi
mke wa Mwalimu, amesimama mbali, kanga begani

Baba alisimama katikati. Alikuwa na miaka sitini na sita.

"Mtu alinipa siri yake, nami nikaitoa hapa," alisema. "Nilitaka kushinda. Nisiisingizie dini. Kitabu changu hakikunituma. Nilikuwa mimi. Na aliyenipa siri ile alikuwa na imani kuliko mimi, maana aliweza kusema ukweli mbele ya mtu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja aliweka mpira chini.


10.

Ndipo tukamwona Mwalimu kwenye kona ya uwanja. Sijui alifika saa ngapi. Alikuja taratibu mpaka akabakiza hatua tatu.

"Fundi. Siku ile ulisema bintiye. Jina hukulitaja."

"Sikulitaja."

"Miaka kumi na moja watu wanazungumzia kutokuomba kwangu. Hakuna anayemzungumzia yeye. Mtaje."

Nilidhani Baba amesahau.

"Agripina," alisema. "Agripina Mhina. Alikuwa anakuja kwenye cherehani yangu kuomba vipande vya kitambaa. Vyekundu tu. Nikimpa vya buluu anavirudisha."

Mke wa Mwalimu alijifunika uso kwa kanga.

Mwalimu akakaa chini, palepale kwenye nyasi. Baba naye akakaa, kwa shida, goti moja kwanza.

Mwalimu alisema kitu. Baba akamsogezea sikio.

Mama alinishika mkono, akanigeuza. "Twende," alisema. "Hayo si yetu."